Lugha ya Mwenyeji katika Safari ya Nyani na Sokwe: Nafasi ya Kiswahili kutoka Iyolwa hadi Bwindi

Ikisiri

Utalii wa kuwafuata nyani, mbega, sokwe na ngagi katika misitu ya Uganda ni miongoni mwa shughuli zinazoiletea nchi hiyo fedha na sifa. Watalii wengi wa ukanda huu huingia kwa barabara kupitia Busia na Malaba, wakipita karibu na Iyolwa na vijiji vingine vya Tororo bila kusimama. Makala haya yanaeleza jinsi lugha zinavyogawana kazi katika safari hiyo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimepewa kazi za sokoni na za mizigo, ilhali maelekezo ya usalama, afya ya wanyama na maelezo ya utamaduni yameachiwa Kiingereza. Mgawanyo huo unamgharimu mgeni wa Afrika Mashariki, unamgharimu mwenyeji wa mpakani, na unaweza kuwagharimu wanyama wenyewe. Makala yanachunguza majina ya wanyama, kauli za msituni na tafsiri ya dhana za kitamaduni za Jopadhola, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Neno safari lina historia ya kwenda na kurudi. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, kikalitumia kwa mwendo wowote wa mtu atokaye kwake kwenda kwingine: safari ya sokoni, safari ya harusini, safari ya Hija. Lugha za Ulaya zililichukua kwetu na kulibana. Katika lugha hizo safari ni matembezi ya kwenda kutazama wanyama wa porini. Leo neno hilo limerudi Afrika Mashariki likiwa na maana hiyo finyu, nalo limebandikwa kwenye magari, kambi na makampuni. Mkazi wa Iyolwa anayekwenda Busia siku ya soko anafanya safari kwa maana ya kwanza. Gari linalompita barabarani likielekea Bwindi linafanya safari kwa maana ya pili. Maana hizo mbili hutumia barabara moja, na ni nadra kukutana.

Makala haya yanahusu kukutana huko. Swali linaloyaongoza ni hili: katika safari ya kuwatazama wanyama wa jamii ya nyani na kujifunza utamaduni wa wenyeji, nani huzungumza, kwa lugha gani, na kwa manufaa ya nani? Swali lina uzito wa kisera kwa sababu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekwisha kukipa Kiswahili hadhi kubwa katika hati zao. Kinachobaki ni kuona kama hadhi hiyo imefika mahali ambapo kibali hukaguliwa, msafara hupewa masharti na mzee wa kijiji huulizwa maana ya desturi yake.

2.0 Barabara, Mpaka na Iyolwa

Iyolwa ni gombolola katika Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Ni sehemu ya eneo la Jopadhola, watu wanaozungumza Kidhopadhola, lugha ya jamii ya Kiluo iliyozungukwa na lugha za makundi mengine. Kaskazini na mashariki yao wako Iteso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha Mashariki. Kusini, kuelekea Ziwa Viktoria, wako Wasamia na jamaa zao wenye lugha za Kibantu. Mpaka haukufuata mgawanyo huo. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na matokeo yake ni kwamba Iteso na Wasamia wanaishi hadi leo pande zote mbili za mstari.

Katika mazingira kama hayo, lugha ya kuunganisha huzaliwa na haja. Busia ni mfano unaojulikana kote. Neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, linahusishwa na wapanda baiskeli wa mji huo ambao kuanzia miaka ya 1960 waliwavusha watu na mizigo katika kipande cha ardhi kilichotenganisha vituo viwili vya forodha. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilirudiwa mara mbili, likapewa sauti za Kiswahili, likawa jina la chombo na la kazi. Neno magendo nalo lilipata umaarufu mkubwa nchini Uganda katika miaka ya 1970, wakati kahawa na bidhaa nyingine zilipovushwa mpaka kwa siri. Watu wa mpakani, kwa hiyo, wamekwisha kuonyesha uwezo wa kuunda na kueneza msamiati bila kusubiri baraza lolote. Jambo hili litarejewa katika mapendekezo.

Kwa upande wa utalii, ukanda huu ni kiungo cha misitu kadhaa. Upande wa Kenya uko msitu wa Kakamega, wenye mbega weusi kwa weupe na aina kadhaa za kima. Ndani ya Uganda, katika Wilaya ya Busia, uko msitu wa hifadhi wa Busitema, ambako wasafiri wa barabara kuu huwaona nyani kandokando ya lami. Baadaye, kati ya Jinja na Kampala, uko msitu wa Mabira. Kisha barabara huelekea magharibi hadi Kibale, maarufu kwa sokwe, na kusini-magharibi hadi Bwindi na Mgahinga, makazi ya ngagi wa milimani. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda hutoa viza moja ya utalii, na tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kimezinduliwa rasmi ili mtu akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Njia imefunguliwa kwa sheria na kwa majengo. Lugha ya njia hiyo haijashughulikiwa kwa bidii ileile.

3.0 Hadhi ya Kiswahili na Kazi Zake

Historia ya Kiswahili nchini Uganda ni ya mashaka. Katika miaka ya 1920 Gavana Gowers alipendekeza kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, pendekezo likapingwa vikali, hasa Buganda. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa kuwa kilikuwa pia lugha ya jeshi na polisi, raia wengi walikisikia kwanza kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki, na kumbukumbu hiyo ilidumu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, unataka kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na kamisheni yake, KAKAMA, ina makao Zanzibar.

Hadhi hiyo ya kisheria ikilinganishwa na kazi halisi katika safari ya utalii, pengo huonekana. Kiswahili kimo katika safari hiyo kwa namna tatu. Kwanza, kimo kama pambo: salamu ya jambo, neno karibu juu ya lango, majina ya kambi na vyumba. Pili, kimo kama lugha ya kazi za chini: dereva huzungumza na fundi wa gari, mpishi na mwuza mboga, msafiri na mwendesha bodaboda. Tatu, kimo ndani ya Kiingereza cha Uganda kwa maneno kama askari, panga na posho. Kinapokosekana ni katika ngazi ya mamlaka. Kibali, tangazo la masharti, maelekezo ya asubuhi kabla ya kuingia msituni na maelezo ya historia ya mahali hutolewa kwa kawaida kwa Kiingereza, na kwa wageni wa vikundi maalumu hutafsiriwa katika lugha nyingine za Ulaya.

Mpango huo ungeeleweka kama wageni wote wangetoka ng'ambo. Lakini sera ya bei yenyewe inaonyesha kwamba serikali inamtaka pia mgeni wa ndani ya Jumuiya. Katika viwango vilivyoanza Julai 2024, kibali cha kuwatazama ngagi ni dola 800 za Marekani kwa mgeni asiye mkazi, na shilingi 300,000 za Uganda kwa raia wa Afrika Mashariki, sawa na takribani sehemu moja ya kumi ya bei ya kwanza. Mwalimu wa Busia, mfanyabiashara wa Kisumu au kikundi cha akina mama wa Mwanza amepunguziwa kibali kwa uraia wake, kisha akakabidhiwa maelezo katika lugha iliyopangiwa mtu mwingine.

4.0 Majina ya Wanyama na Gharama ya Utata

Ugumu wa kwanza wa kutumia Kiswahili msituni ni majina. Kiswahili kina hazina nzuri ya majina ya wanyama hawa: nyani, tumbili, ngedere, kima, mbega, komba, sokwe. Kila jina lina mnyama wake kwa mwenyeji wa pwani au wa karibu na msitu. Hata hivyo, katika matumizi ya mijini majina hayo yameanza kumezana. Nyani hutumika kwa kila mnyama wa jamii hii, na mgeni aliyeahidiwa kuona nyani hajui kama ataonyeshwa kundi la kando ya barabara ya Busitema au viumbe wa ndani ya Kibale.

Utata ulio mzito zaidi uko katika neno sokwe. Kwa matumizi sanifu ya muda mrefu, sokwe ni mnyama anayepatikana Gombe na Mahale nchini Tanzania na Kibale nchini Uganda. Vyombo vya habari, hata hivyo, hulitumia pia kwa mnyama mkubwa zaidi wa Bwindi na Virunga, wakati mwingine kwa kuongeza sifa: sokwe wa milimani. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo na maeneo jirani kina jina mahsusi, ngagi, linalohusiana na ingagi la Kinyarwanda. Wengine huandika gorila. Kwa mtafiti hili ni suala la istilahi. Kwa msafiri ni suala la fedha. Kibale na Bwindi ni misitu miwili tofauti, yenye vibali tofauti, bei tofauti na kanuni tofauti. Tangazo la Kiswahili linalosema tu "safari ya kuwaona sokwe" halimwambii msomaji anaelekea wapi.

Makala haya yanatumia sokwe kwa mnyama wa Kibale na ngagi kwa mnyama wa Bwindi, na yanapendekeza mgawanyo huo usanifishwe. Ngagi ni neno la Kiafrika, linatamkika, limekwisha kutumiwa na wasemaji wa Kiswahili wanaoishi karibu na mnyama mwenyewe, na linakubali upatanisho wa kisarufi bila shida: ngagi wamelala, ngagi huyu ni dume. Gorila libaki kama kisawe kwa wasomaji ambao hawajalizoea la kwanza. Kwa jamii nzima ya wanyama hawa, ambayo Kiswahili hakina neno moja la kila siku, sayansi inaweza kutumia primata, na maelezo ya wageni yakatumia kauli ya wazi: wanyama wa jamii ya nyani.

Majina haya yana pia mizizi ya kiutamaduni ambayo mwongozaji hodari angeweza kuitumia. Neno kima la Kiswahili ni ndugu wa nkima la Luganda. Miongoni mwa Baganda, Nkima ni ukoo, kama ulivyo ukoo wa Ngeye, ambao jina lake ni la mbega. Mtu wa ukoo hamli mnyama wa ukoo wake. Msafiri anayepita Mabira akaambiwa hivyo anapata jambo ambalo kitabu cha picha hakimpi: kwamba uhusiano wa watu na wanyama hawa ulikuwa na sheria zake kabla ya hifadhi kuwekewa mipaka. Tena analipata kwa neno ambalo, kama anajua Kiswahili, analitambua mwenyewe.

5.0 Kauli za Msituni: Usalama wa Mtu na Afya ya Mnyama

Bwindi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na utalii wa ngagi ulianza hapo mwaka 1993 kwa kundi la Mubare. Sensa ya 2018 ilihesabu ngagi 459 katika Bwindi na Sarambwe, na idadi ya ngagi wa milimani duniani kote ikafikia 1,063. Mwaka huohuo wa 2018 wanyama hao walihamishwa kutoka kundi la walio hatarini kabisa kutoweka kwenda kundi la walio hatarini. Mafanikio hayo yanategemea nidhamu ya watu, na nidhamu hupitishwa kwa maneno.

Masharti ni machache na yanajulikana. Wageni wasizidi 8 kwa kundi moja la wanyama kwa siku. Muda ni saa moja. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi. Mgonjwa wa mafua au kikohozi abaki nyuma. Umbali, ambao zamani ulikuwa mita 7, umeongezwa hadi mita 10 baada ya janga la UVIKO-19, na barakoa huvaliwa mbele ya wanyama. Sababu ya ukali huo ni kwamba wanyama hawa hupata magonjwa yetu. Mwaka 1996 ngagi wa Bwindi walishikwa na upele uliohusishwa na binadamu. Mwaka 2013, katika kundi la Kanyawara huko Kibale, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe watano kati ya 56. Mgonjwa mmoja aliyeficha kikohozi kwa sababu hakuelewa uzito wa swali aliloulizwa anatosha kuleta msiba.

Tafsiri ya masharti hayo haipaswi kuachwa kwa mkalimani wa papo kwa papo. Mfano mmoja unatosha. Kauli "kaa mbali" ni rahisi na hutumiwa sana, lakini kitenzi kaa kina maana ya kubaki na pia ya kuketi. Msituni amri ya kuinama mbele ya dume linalokuja kwa kishindo ni ya dharura, na tofauti kati ya kuketi, kuchuchumaa na kubaki mbali inaweza kuamua usalama wa mtu. Kiswahili kina vitenzi bainifu vya kutosha: chuchumaa, usikimbie, usimkazie macho, rudi nyuma polepole, funika mdomo kwa kiwiko. Amri fupi kama hizo zikichaguliwa mapema na kufundishwa kwa namna moja, askari wa hifadhi hatalazimika kubuni maneno wakati dume limesimama hatua chache mbele yake.

Vivyo hivyo kwa istilahi za kazi. Mtu anayetangulia alfajiri kutafuta kundi lilipolala ni mfuata nyayo. Anaongozwa na nyayo, vinyesi, majani yaliyotafunwa na viota vya usiku. Kazi ya miaka ya kuwafanya wanyama wasiwaogope watu ni kuwazoesha, na kundi lililokwisha kufikia hapo ni kundi lililozoeshwa. Dume kiongozi, ambaye nywele za mgongo wake hubadilika rangi kwa umri, anaweza kuitwa dume la mgongo wa kijivu. Kauli hii inasema kile jicho linachokiona, tofauti na tafsiri ya neno kwa neno inayomvika mnyama madini. Neno mpagazi, lililotoka katika misafara ya karne ya 19, bado lipo, lakini wanaojali heshima ya kazi hiyo wanaweza kupendelea mbeba mizigo.

Kuna pia nyani wa kando ya barabara. Hawa hawahitaji kibali, na kwa hiyo hakuna anayemweleza msafiri kanuni yao. Abiria anayemrushia nyani ndizi kupitia dirishani anamfundisha kutegemea barabara, anamhatarisha kwa magari, na anawaachia wenyeji mnyama aliyepoteza woga, ambaye kesho ataingia shambani kwao. Abiria huyo mara nyingi ni mtu wa ukanda huuhuu, aliye ndani ya basi la kawaida. Hapa ndipo ujumbe wa Kiswahili, pamoja na lugha za wenyeji, ungefanya kazi kubwa kuliko maandishi yoyote ya Kiingereza.

6.0 Utamaduni wa Wenyeji: Nani Anaueleza?

Matangazo ya utalii huahidi wanyama na utamaduni kwa pumzi moja. Uzoefu wa Batwa unaonyesha hatari ya ahadi hiyo. Hifadhi za Bwindi na Mgahinga zilipoundwa mwaka 1991, Batwa walitolewa katika misitu waliyoishi. Miaka mingi baadaye njia ya kitamaduni ya Batwa ilianzishwa Mgahinga, ambamo wao wenyewe huwaonyesha wageni mitego, dawa na pango la Garama. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba waliondolewa bila fidia ya kutosha na kuelekeza suala la marekebisho ya hali yao liendelee kushughulikiwa. Kwa hiyo mgeni anayepiga makofi mwisho wa ngoma anatazama pia kesi ambayo haijafungwa. Kama hilo litasemwa au litanyamaziwa hutegemea yule anayeshika kazi ya kutafsiri.

Iyolwa haijafikiwa na utalii wa namna hiyo, na kuchelewa huko kunaipa nafasi ya kuchagua. Jopadhola wana taasisi yao ya kitamaduni, Tieng Adhola, inayoongozwa na Kwar Adhola. Wana historia ya ibada ya Bura. Wana dhana ya Mungu, Were, ambaye katika mapokeo yao hutajwa kwa nyuso mbili: Were wa uani, alindaye boma, na Were Othim, wa nyikani, amwongozaye mtu akiwa vitani, mawindoni au safarini. Jina Were linasikika pia upande wa pili wa mpaka, miongoni mwa Waluhya.

Mkalimani akilitafsiri Were kwa Mungu na kuishia hapo, hakukosea, lakini amepoteza kile ambacho msafiri wa misituni angekithamini zaidi: kwamba wenyeji hawa walitofautisha ulinzi wa nyumbani na ulinzi wa porini, na kwamba anayetoka kwenda nyikani alikuwa na wa kumwomba. Tafsiri nzuri hubakiza jina na kuongeza maelezo. Ndivyo inavyopasa kwa vyakula na vinywaji pia. Kongo, kinywaji cha wimbi cha Jopadhola, ni ndugu wa ajon ya Iteso, ambayo wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ikiitwa "pombe ya kienyeji", masikio ya Mkenya husikia msako wa polisi na vinywaji vilivyopigwa marufuku. Ikiitwa kongo, na mgeni akaelezwa kwamba chungu cha pamoja ni baraza la mazungumzo, maana hubaki salama. Kwon ya wimbi nayo ina haki ya kuitwa kwon, hata kama mgeni ataifananisha na ugali.

Kutokana na mifano hii, makala yanapendekeza mgawanyo wa kazi wa ngazi tatu. Lugha ya wenyeji, kwa Iyolwa Kidhopadhola, iwe lugha ya chanzo: mwenye utamaduni aeleze kwa lugha anayoimiliki, na majina ya dhana yabaki kama yalivyo. Kiswahili kiwe lugha ya kuunganisha, inayompa mgeni wa Jumuiya maelezo moja kwa moja. Kiingereza na lugha nyingine za kigeni ziwe lugha za kumhudumia mgeni wa ng'ambo. Kwa sasa ngazi ya kati imerukwa.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba Kiswahili kitazimeza lugha ndogo. Hofu hiyo ina msingi kihistoria, ndiyo maana mpango unaopendekezwa unaanza na lugha ya wenyeji na kuilinda kwa kutotafsiri majina yake. Ikumbukwe pia kwamba katika mpango wa sasa Kidhopadhola hakina nafasi kabisa. Pingamizi ya pili husema kwamba mwenye fedha ni mgeni wa ng'ambo, naye hahitaji Kiswahili. Kwa wingi wa dola ni kweli. Lakini janga la mwaka 2020 liliwafundisha wote kwamba viwanja vya ndege vikifungwa, mgeni anayebaki ni jirani. Juni mwaka huohuo mwindaji alimuua dume la kundi la Nkuringo huko Bwindi, lililojulikana kwa jina la Rafiki. Mnyama aliyefahamika duniani kote alikuwa na jina la Kiswahili. Ulinzi wake ulitegemea uelewano na majirani wa msitu.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, KAKAMA na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, wakishirikiana na taasisi za Kenya na Tanzania, watoe orodha fupi ya istilahi za utalii wa misitu, ikianza na mgawanyo wa sokwe na ngagi. Orodha ijaribiwe mpakani, kwa madereva, wafanyabiashara na vijana wa bodaboda, kwa kuwa ukanda uliozaa neno hilo unajua neno gani litadumu.

Pili, maelekezo ya kabla ya kuingia msituni yatungwe kwa Kiswahili kama matini kamili, yakiwa na amri fupi zilizokubaliwa, na yasomwe kwa kila kikundi chenye wageni wa Afrika Mashariki wanaoyahitaji. Matini hiyo ibandikwe pia katika kituo cha Busia, ili msafiri ayajue masharti ya afya kabla hajalipia kibali.

Tatu, mabango ya Kiswahili na ya lugha za wenyeji kuhusu kutowalisha nyani yawekwe katika barabara inayopita Busitema na Mabira. Gharama yake ni ndogo na faida yake ni ya kila siku.

Nne, Kiswahili cha kazi kifundishwe katika vyuo vya utalii, kikiwemo chuo cha hoteli na utalii cha Jinja kilicho katika njia hii. Wahitimu wa mtaala wa 2020 wanakuja na msingi. Wanachohitaji ni msamiati wa kazi na mazoezi ya ukalimani.

Tano, maelezo ya utamaduni wa Padhola yaandaliwe na Jopadhola wenyewe kupitia taasisi zao, na wakalimani wa Kidhopadhola na Kiswahili watambuliwe kuwa wataalamu wenye ujira uliopangwa. Mzee anayesimulia na kijana anayetafsiri wote wawili wanafanya kazi. Bahasha ya kuchangishwa mwisho wa ziara haitoshi.

8.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inamweka mwenyeji mahali pake: ujio wa mgeni una maana pale unapomletea nafuu. Makala haya yameonyesha kwamba nafuu hiyo hupitia mlango wa lugha. Majina yasiyobainika humpoteza msafiri. Amri zisizoandaliwa humhatarisha mtu na mnyama. Tafsiri isiyo makini hugeuza dhana za watu kuwa bidhaa isiyo na jina. Kiswahili kinaweza kuzipunguza hasara hizo tatu, mradi kitolewe katika kazi za pambo na mizigo kipewe kazi ya kueleza, na mradi kiende sambamba na lugha za mahali. Barabara ya Busia hadi Bwindi ni ndefu, na hupitia makwao ya watu wengi. Iyolwa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu magari hupita karibu kila siku, na watu wake wana ya kusema.